Wagonjwa wa Akili Katika Nyumba za Matunzo: Nani Anayewatembelea?

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili mbele ya viongozi wa walei wa Mwananyamala, katika semina ya Haki na Amani)



 Mada niliyopewa ilikuwa "Huruma kwa Wagonjwa wa Akili". Nimemwomba mwenyekiti ruhusa ya kuibadili kidogo, kwa kuwa huruma mnayo tayari. Michango ambayo baadhi ya jumuiya zimeanza kuikusanya, ili ifunguliwe nyumba ya kuwatunza wagonjwa hao hapa kwetu, ni ushahidi wa kutosha. Ninalotaka tulizungumze ni gumu zaidi. Mgonjwa akishaingia katika nyumba hiyo, na mlango ukafungwa nyuma yake, ni nani atakayejua anavyoishi humo?

Kwanza tuelewane kwamba si kila mgonjwa wa akili anahitaji kuhamishwa kwao. Wengi wao wakipata dawa bila kukatizwa, pengine sindano moja tu kwa mwezi, huishi na ndugu zao, hufanya kazi, huoa na kuolewa. Tatizo letu ni makazi. Watu sita wanaishi katika chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani, uani mmoja na wapangaji wengine watano. Kijana akipiga kelele usiku wa tatu mfululizo, mwenye nyumba anatoa notisi. Mama yake anaondoka alfajiri kwenda kuuza vitumbua. Akibaki nyumbani kumwangalia, hakuna atakayekula. Mama huyo anapotafuta mahali pa kumpeleka mwanawe, msimwite mkatili. Amechoka.

Naye hana pa kuchagua pengi. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mirembe ilijengwa Dodoma wakati wa Waingereza, na jina lake, ambalo maana yake ni amani, sisi tumeligeuza tusi la mitaani. Baada ya Uhuru vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliopata nafuu waliishi wakilima na kujizoeza maisha ya kawaida. Kimojawapo kilikuwa Vikuruti, nje ya jiji letu. Lilikuwa wazo zuri, na kwa maoni yangu hatukulitunza inavyostahili. Nafasi katika sehemu hizi zote ni chache kuliko wahitaji. Ndiyo maana zimezuka nyumba za watu binafsi, za vikundi vya sala, za waganga, na zile za kupata nafuu kwa watumiaji wa dawa za kulevya, ambazo vijana huziita soba. Mara nyingi humo huchanganywa aliyeathirika na heroini, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa akili, wote chini ya kanuni moja na ufunguo mmoja.

Sasa niungame jambo langu mwenyewe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliugua akiwa na miaka ishirini na mmoja. Dada alipozidiwa, mimi ndimi niliyeitafuta nyumba ya kumpeleka. Sitaitaja. Niliikuta imepakwa rangi, maua yamepandwa mlangoni, na asubuhi na jioni watu wanasali. Niliambiwa kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo ndugu hawaruhusiwi kumwona mgonjwa, "ili asivurugwe". Mimi, muuguzi mwenye cheti, nilikubali. Nililipa ada, nikaenda zangu.

Nilipoingia mwezi wa nne alikuwa amekonda hata shati lake nililitambua kabla sijamtambua yeye. Mikononi, juu kidogo ya viganja, alikuwa na alama za kamba. Dawa za watu wote zilikuwa katika kopo moja, na kila jioni kila mmoja alipewa kidonge kutoka humo. Aliyekuwa akiwatunza ni kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwahi kufundishwa chochote, naye aliniambia kwa unyofu kabisa kwamba huwafunga wanaomtisha, kwa sababu usiku yuko peke yake na watu ishirini. Nilimchukua mpwa wangu siku ile ile. Ndani ya bajaji hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Mama mdogo, kwa nini hukuniuliza kama nataka kwenda?"

Sikuwa na jibu, na sina hata leo.

Ndugu zangu, katika nyumba ile sikuona watu wabaya. Niliona watu waliodhani wanatenda wema, na hapo ndipo penye hatari. Yohane wa Mungu, ambaye Kanisa linamheshimu kama msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, katika karne ya 16 alifungiwa yeye mwenyewe miongoni mwa wenye wazimu katika Hospitali ya Kifalme ya Granada, akachapwa viboko. Waliomchapa hawakuwa wakimwadhibu. Hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya siku zile. Alipotoka alianzisha hospitali yake, kwa kuwa alijua kitanda cha mgonjwa kinavyoonekana kwa aliyelazwa juu yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na mkubwa zaidi, ni wa Afrika ya Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng iliamua kuvunja mkataba wake na vituo vya Life Esidimeni, vilivyokuwa vikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Sababu iliyotolewa ilipendeza: kupunguza gharama, na kuwarudisha wagonjwa katika jamii. Mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 1,300 walihamishwa, wengi wao wakipelekwa katika vituo vya mashirika ya hiari. Baadhi walipakiwa katika magari ya wazi ya mizigo. Wengine walifika bila majalada yao, hata waliowapokea hawakujua wanaumwa nini na wanatumia dawa gani. Jamaa walizunguka kutoka kituo hadi kituo wakiwatafuta ndugu zao. Uchunguzi uliotolewa mwezi Februari 2017 ulionyesha kwamba mashirika yote 27 yaliyopokea wagonjwa hao hayakuwa na leseni halali. Jumla ya waliokufa ilifikia 144. Hawakufa kwa ugonjwa wa akili. Walikufa kwa nimonia, kwa kukaukiwa maji mwilini, kwa vifafa vilivyokosa dawa. Naibu Jaji Mkuu mstaafu Dikgang Moseneke alisikiliza ushahidi wa familia, na mwezi Machi 2018 akaamuru Serikali izilipe fidia.

Nawasihi mkumbuke kwamba vituo vile vilikuwa vya hiari, kama hiki tunachotaka kukianzisha. Wenye navyo walikuwa na huruma, au walisema wanayo. Walichokosa ni ujuzi, chakula cha kutosha, jalada la kila mgonjwa, na mtu wa nje mwenye haki ya kuingia wakati wowote na kuuliza maswali.

Kuna na lile la Erwadi, kusini mwa India. Pale pana kaburi takatifu, na familia zilikuwa zikiwaacha wagonjwa wao katika nyumba za jirani wakisubiri kuponywa. Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001 moto ulishika mojawapo ya nyumba hizo. Wagonjwa walikuwa wamefungwa minyororo. Walikufa watu 28. Mnaweza kusema sisi hatutumii minyororo. Basi zitazameni nyumba zetu za Mwananyamala: nondo katika kila dirisha kwa hofu ya wezi, mlango mmoja wa mbele, na geti la uani lenye kufuli. Umeme wa LUKU ukiisha, tunawasha mshumaa. Nyumba ya namna hiyo, ikiwa na watu ishirini waliokunywa dawa za usingizi na funguo ziko mfukoni mwa mlinzi aliyelala, inatofautianaje na mnyororo?

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya kukagua ubora na haki za binadamu katika sehemu za matunzo ya namna hii. Ni kitabu kinene, na wataalamu wakisome. Ninyi mnaokwenda kutembelea, anzeni na choo. Nasema hivyo bila mzaha, kwa kuwa sebule hupambwa kwa ajili ya wageni, lakini choo hakijui kudanganya. Tazameni kama kina mlango, na kama mlango huo unafungika kwa ndani. Kisha ombeni maji ya kunywa, mtazame yanatoka wapi na kama mgonjwa anaweza kuyachota mwenyewe bila kuomba. Joto letu la Januari na Februari mnalijua. Baadhi ya dawa za wagonjwa hawa hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na mtu aliyefungiwa chumba chenye bati la moto anaweza kufa wakidhani amelala.

Daftari la dawa lisipokuwepo, ondokeni mkatoe taarifa. Kila mtu awe na dawa zake kwa jina lake, na iandikwe nani alimpa na saa ngapi. Mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Tazameni mikono na vifundo vya miguu mnaposalimiana. Ulizeni funguo hukaa wapi usiku. Na zungumzeni na mgonjwa mwenyewe, peke yake, bila msimamizi kusimama pembeni akimjibia. Mtaambiwa, "Huyu hajui asemalo." Nimefanya kazi hii miaka thelathini, na mara nyingi sana aliyeambiwa hajui asemalo ndiye aliyejua nani anaiba sukari.

Msiwasahau wanaotunza. Yule kijana wa miaka kumi na tisa alihitaji mwenzake wa zamu, mshahara, na siku chache tu za mafunzo. Mgonjwa aliyechafukwa hutulia zaidi ukiwaondoa watazamaji, ukisimama mbali kidogo, ukasema naye kwa sauti ya chini na kumwachia njia ya kutokea. Asiyejua hayo hushika kamba kwa sababu anaogopa.

Kwa upande wa sheria hatuko gizani. Sheria ya Afya ya Akili ilitungwa mwaka 2008 kuchukua nafasi ya ile tuliyorithi kutoka kwa wakoloni. Mwaka 2009 nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unasema kwamba ulemavu peke yake si sababu ya kumnyima mtu uhuru wake, na kwamba ana haki sawa na wengine ya kuchagua aishi wapi na nani. Kwa maneno mengine, unauliza swali lile lile la mpwa wangu.

Kuhusu michango iliyokwisha kukusanywa, ushauri wangu hautawafurahisha wote. Isitumike kupanga nyumba kwa sasa. Hatuna muuguzi wa zamu ya usiku, hatujamwona Afisa Ustawi wa Jamii wala Mganga Mkuu wa Manispaa kuhusu usajili, na hatuna makubaliano na Hospitali ya Mwananyamala, ambayo ni ya rufaa ya mkoa na iko mlangoni petu, kwamba itawapokea wagonjwa wetu wakizidiwa. Fedha hizo zinatosha kuwalipia nauli na dawa wagonjwa ambao jumuiya zetu zinawafahamu, na kumpata mtu wa kumwangalia yule kijana wa muuza vitumbua kwa saa chache za asubuhi. Nyumba na ije baadaye, ikitimiza masharti hayo, na mlango wake uwe wazi kwa jamaa tangu siku ya kwanza, si baada ya miezi mitatu.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji kusubiri. Wapo watu wa mitaa yetu ambao tayari wamo katika nyumba za namna hii, Kinondoni na Temeke na kwingineko, na wengine hawajatembelewa tangu walipopelekwa. Nimeacha daftari mezani kwa katibu. Mwenye ndugu au jirani aliyepelekwa mahali aandike jina la nyumba hiyo na mtaa ilipo. Jina la mgonjwa tutaliuliza faraghani. WAWATA wamejitolea kwa zamu ya kwanza, Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, nasi tunahitaji wanaume wawili wa kufuatana nao. Mpwa wangu amesema atakwenda pia, mradi asiachwe nje ya geti.