Daftari la shirika: kuijenga programu kwa mikono yetu



Leo hatukuja na habari za mbegu wala za visima. Munajua mkutano wenu umepandisha mchango kutoka franka 1000 hadi 2000. Sasa, ile programu inayohesabu michango ndani ya ordinatere (wale waliokulia Nyarugusu wanasema kompyuta, ni kitu kimoja) bado inahesabu 1000. Kijana aliyeiandika amehamia mbali, na wengine wanasema tutafute feza ya kulipa fundi wa mjini. Sisi tunasema hapana. Aliacha msimbo kwenye flashi, na hiyo ndiyo mali yenu. Programu iliyokwisha kujengwa ni sawa na bugali kwenye sahani: unakula, lakini huwezi kuurudisha kuwa unga. Msimbo ndio unga.

Umeandikwa kwa lugha ya C. Faili ni tatu: wanachama.c, michango.c, na kima.h yenye kiasi cha mchango. Mashini haielewi maandishi hayo yalivyo. Lazima yageuzwe kwanza, na huko ndiko kukompile. Fungueni terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Mukiandika gcc -c michango.c munapata kipande michango.o. Fanyeni vilevile kwa wanachama.c. Kisha munaunganisha: gcc -o daftari wanachama.o michango.o. Basi, programu iko.

Kwa faili mbili ni rahisi. Zikiwa hamsini, na betri ya sola inakaribia kuisha? Juu ya shida ya namna hiyo Stuart Feldman wa Bell Labs, kule Marekani, alitengeneza make mwaka 1976. Inasoma maagizo ndani ya faili inayoitwa Makefile. Yenu ni mistari mitatu tu:

daftari: wanachama.o michango.o
	gcc -o daftari wanachama.o michango.o
wanachama.o michango.o: kima.h

Wa kwanza unasema daftari linatoka kwa vipande gani, wa pili linaunganishwa vipi. Ile nafasi mwanzoni mwa mstari wa pili ni ya kibonyezo cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida make inakataa, na macho hayaoni tofauti. Jambo hili limechosha watu duniani kote. Namna ya kutoka .c kwenda .o hatukuiandika kwa sababu make inaijua yenyewe.

Mstari wa tatu musiuache. Bila huo, mukibadilisha kima.h make haitaona kitu. Mama akileta 2000, mashini itamwandikia ziada ya 1000. Na siku mtu akigusa michango.c peke yake, upande mmoja wa programu utahesabu 2000 na mwingine 1000. Hapo ndipo watu wanaanza kuitana wezi.

Make inaamua kwa kutazama saa. Kama .c ni mpya kuliko .o yake, inaikompile tena. Kama sivyo, inaipita. Ni kama nyumba: mlango ukioza unabadilisha mlango, hubomoi ukuta. Lakini inaamini saa ya ordinatere, na ile ya shirika ni nzee, kibetri chake cha ndani kimekufa. Ikizimwa, saa inarudi nyuma miaka. Faili muliyobadilisha leo itaonekana ya zamani kuliko kipande cha mwaka jana, na make itajibu kwamba hakuna kazi.

Kwa hiyo, mbele ya yote, andikeni date na mutazame. Kama si tarehe ya leo, rekebisheni saa, kisha andikeni make -B, inayojenga vyote upya bila kulinganisha tarehe. Kibetri chenyewe mara nyingi ni CR2032, kile cha duara kama sarafu. Kinunuliwe.

Alhamisi saa nane mchana, betri ya sola ikiwa imejaa, tutajenga pamoja. Waje vijana watatu na mweka hazina. Yeye alete daftari la karatasi, tuchague wanachama kumi na kulinganisha hesabu zao na za mashini, mbele ya kufuta programu ya zamani. Flashi nayo inakiliwe: moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina.