HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: FEDHA ZA SHULE NA MASOMO YANAYOFUTWA KIMYAKIMYA

*Kwa wanachama wote wa tawi.* Wengi hamkufika Jumapili kwa sababu ya mvua, na mmeomba niwatumie hotuba yangu. Hii hapa kama nilivyoisoma. Tafadhali isomeni hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mwenyekiti, mama mwekahazina, wazee wetu, akina mama na vijana.   

Mimi si mtu wa majukwaa. Nilisomea uhasibu, kwa hivyo leo nitazungumza hesabu.

Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizo hutakiwa kufika shuleni kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Mwezi wa Julai 2025, Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge wa Kamati ya Elimu kwamba hazina haiwezi kufikisha kiwango hicho. Kinachopatikana ni kama 16,900. Kelele zilipozidi, viongozi wakajitokeza kusema elimu ya bure itaendelea. Sawa, tumewasikia. Lakini shule hailipi bili ya stima kwa tamko la redioni.

Tupige hesabu pamoja. 22,244 toa 16,900, pengo ni 5,344. Chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, kisha zidisha. Pengo ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka, kwa shule moja tu ya kawaida.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Atakata wapi? Walimu wa TSC hulipwa moja kwa moja na tume, hao hawaguswi. Stima na maji vikikatwa, hakuna shule. Karatasi za mtihani lazima zinunuliwe. Mlinzi na mpishi wana familia. Wanaobaki ni walimu walioajiriwa na bodi. Na katika shule ninazozijua hapa kwetu, mara nyingi hao ndio wanaofundisha Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, muziki na uchoraji.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Hakuna mtu anayetia sahihi barua ya kufuta somo la muziki. Hakuna waraka wala mkutano. Mkataba wa mwalimu unaisha, hauandikwi upya. Kinanda kinafungiwa stoo. Muhula ukifunguliwa, mtoto anaambiwa somo lako halina mwalimu, chagua jingine. Kwenye vitabu vya shule jambo hilo halionekani kama hasara, linaonekana kama akiba. Mimi nimesoma vitabu vya hesabu zaidi ya miaka 20, na nawaambia hiyo si akiba. Hilo ni deni, na anayelilipa ni mtoto.

Mama mmoja wa tawi hili alinijia mwezi uliopita. Mwanawe yuko kidato cha tatu, amesoma Kijerumani tangu kidato cha kwanza. Ameambiwa aache, na KCSE ni mwaka ujao. Mama akaniuliza, "Katibu, ile miaka yake nani atamrudishia?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika hotuba hii.

Wapo watakaosema, Kijerumani cha nini, mtoto asome sayansi. Sipingi sayansi. Lakini sisi ni watu wa Mombasa. Wageni wanashuka hapa, wanakwenda Fort Jesus, wanakwenda Diani. Kijana anayejua lugha ya mgeni anamwongoza, asiyejua anambebea mzigo. Kubeba mzigo si aibu, ila malipo si sawa. Na Kiarabu je? Ni nyumba ngapi hapa zina binti au kijana Ghuba? Wangapi walitia sahihi mkataba wasioweza kuusoma? Muziki nao tunauona kila wikendi, harusini na hotelini. Kuna watu wanalisha watoto kwa kinanda na fidla. Hizi ni kazi kama kazi nyingine.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Gredi hiyo ina mikondo mitatu, na mmoja wao ni Sanaa na Michezo. Si kila shule itakuwa nao. Shule yetu ikikosa mwalimu na vifaa leo, kesho mkondo huo hautakuwepo kwenye orodha yake. Mwenye uwezo atampeleka mwanawe mbali. Mtoto wa kutwa atachukua kilichopo.

Sasa nitasema la uchungu, na mwenyekiti anisamehe. Bajeti ya mwaka wa 2025 ilipopitishwa, wabunge wa upande wetu pia walikuwa ukumbini. Tusijifanye wageni wa jambo hili. Na sisi hapa tawini tunapenda kupiga picha na hundi za basari. Basari ni nzuri, inamlipia mtoto mmoja karo. Lakini basari haimrudishi mwalimu darasani. Mgao ndio unaobeba darasa zima.

Kwa hivyo naomba tufanye mambo manne.

*Kwanza*, kila mzazi aende kwenye mkutano wa shule akaulize: mgao ulioingia muhula huu ni kiasi gani, na ni masomo yapi yamepoteza mwalimu? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Uliza kwa heshima, na jibu liandikwe.

*Pili*, tusimfokee mwakilishi wa wadi kwa hili. Kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule ya upili ni ya serikali ya kitaifa. Anayedaiwa jibu ni mbunge.

*Tatu*, tawi litamwandikia mbunge wetu barua yenye swali moja: bajeti ya nyongeza ikija, utasimama kudai 22,244 kamili au hapana? Jibu lake nitalituma hapa lilivyo. Asipojibu, nitawaambia hajajibu.

*Nne*, makadirio ya bajeti ijayo lazima yafike Bungeni kabla ya Aprili 30. Kifungu cha 201 kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Maoni yetu yawe tayari kwa maandishi, yakiwa na takwimu za shule zetu wenyewe.

Nahitaji watu wanne wa kukusanya majibu ya wazazi, mmoja kwa kila shule. Anayejitolea anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa jioni. Si lazima awe na kadi ya chama. Awe mzazi tu.



*Katibu wa Tawi*