Haki ya Mwili na Mapumziko ya Mama wa Nyumbani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia mchana wa kuchuma na usiku wa kutulia. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, Ahali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mama zetu na dada zetu mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tuanze kwa kujitazama wenyewe. Tumekuja msikitini tumekoga, tumejitia manukato, na kanzu zetu zimenyooka. Hiyo ni sunna njema ya siku ya Ijumaa. Lakini wengi wetu kanzu hizo hatukuzifua wala hatukuzipiga pasi, na tutakaporejea tutakuta chakula kimekwisha andaliwa. Aliyefanya hayo aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akawasha moto, akateka maji, akawatayarisha watoto. Wengine miongoni mwao baada ya hayo huenda kazini au sokoni, kisha hurudi jioni kuianza kazi ya nyumbani upya. Tumuulize mama huyo: ni lini alipata saa moja ya kukaa bila ya kuitwa? Wengi hawatakuwa na jawabu. Na wako watakaosema kuwa kuitaka saa hiyo ni uvivu. Je, dini yetu inasemaje?

Amepokea Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alipopata habari kuwa Abdalla bin Amri anafunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza. Alimfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki, na mgeni wake pia. Tuzingatie neno hili, haki. Zawadi mtu huitoa akipenda. Haki ikizuiliwa, mwenye kuizuia ataulizwa. Basi ikiwa hata ibada ya sunna haikuruhusiwa kuula mwili, sembuse kufua na kupika?

Na jambo hili halikuwahusu wanaume peke yao. Amesimulia Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza, akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zaynab. Akichoka katika sala hujishikilia hapo. Mtume akaamrisha ifunguliwe, akaeleza kuwa mtu na asali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Ni kina mama wangapi leo wanaosimama kwa kushikilia kamba kama hiyo majumbani mwetu, na hakuna wa kuwafungulia?

Tena tumkumbuke Bibi Fatma. Mikono yake iliumia kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, asimkute. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alimwendea usiku ule ule nyumbani kwake, wala hakumkemea kwa kulalamika. Alimfundisha yeye na mumewe, Sayyidna Ali, kuleta tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbiri mara 34 wanapolala, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Na asitokee mwanamume akaifanya hadithi hii kuwa hoja ya kukaa kitako mkewe akitaabika. Mtume huyo huyo, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Nani kati yetu mwenye hadhi kubwa kuliko yake?

Enyi mama zetu, mapumziko hayahitaji mali. Qailula ya mchana, japo ya muda mfupi, ni mapumziko. Kukoga kwa utulivu, kujisinga kwa liwa, kutia hina, kusuka nywele, kufukiza udi, kukaa barazani na jirani mwema, kusoma kurasa chache za Msahafu bila ya haraka: yote haya ni katika neema za Mwenyezi Mungu, na mwenye kuyafanya kwa nia ya kupata nguvu za kutekeleza wajibu wake ana matumaini ya thawabu. Yanayokatazwa ni israfu, kuzipuuza sala za faradhi, na kuigeuza saa ya mapumziko kuwa saa ya kusengenya. Wala msingoje mpaka kazi ziishe ndipo mpumzike, kwani kazi za nyumba haziishi. Utengeni wakati wenu kama mnavyoutenga wakati wa sala.

Nanyi waume na vijana, wakati huo hautapatikana pasipo na msaada wenu. Mvulana aliyebaleghe haoni taabu kubeba mpira. Basi asione haya kubeba ndoo ya maji wala kuosha sahani aliyolia. Baba na ashike mtoto baada ya Alasiri ili mama akae. Tuanze leo hii: tukimaliza kula chakula cha Ijumaa, tuondoe vyombo sisi. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratir-Rum, aya ya 21, kuwa ametuumbia wake ili tupate utulivu kwao, na akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Vipi tutapata utulivu kwa mtu ambaye sisi wenyewe tumemnyima utulivu? Na akianguka kwa maradhi, ndipo tutakapoihesabu kazi aliyokuwa akiifanya, na huenda tukawa tumechelewa.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu walio hai na waliotangulia. Wape wake zetu afya na raha, na utujaalie sisi kuwa wepesi wa kuwasaidia. Utusamehe tuliyopunguza katika haki zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.