Kisukari na Mwenzetu wa Bweni la Pili
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lushoto)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaotetemeka kwa baridi ya Lushoto kama tulivyotetemeka sisi,

Mliosoma nami mtamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akiamka mara nne usiku kwenda chooni, na akirudi anapitia bombani kunywa maji. Tulimpa jina la utani, nami nilicheka kama wengine. Ilipokaribia likizo suruali zilikuwa zikimvuka. Alikwenda kwao Mlalo, na baada ya wiki mbili tukapata habari ya msiba.

Nilipokuja kusomea kazi ya maabara ndipo nilipoelewa. Dalili zile zilikuwa za kisukari cha aina ya kwanza, ambacho vitabu vyetu vilieleza kuwa kinga ya mwili huziua chembe za kongosho zitengenezazo insulini.

Je, ugonjwa huu waweza kutabiriwa? Mwaka 1974, Bottazzo na wenzake huko London waliona katika damu ya baadhi ya wagonjwa kingamwili zilizoelekea chembe hizo. Baadaye ikajulikana kwamba kingamwili huonekana hata miaka kadhaa kabla ya kiu kuanza, kama vile mkulima wa Soni aonavyo mawingu kabla ya mvua. Uchunguzi wa watoto wa Marekani, Finland na Ujerumani, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kati ya watoto kumi wenye kingamwili za aina mbili au zaidi, saba hivi huugua katika miaka kumi. Na tangu 2022 Marekani imeruhusu dawa ya kuchelewesha ugonjwa kwa watu wa namna hiyo.

Lakini mawingu ya kwao si lazima yawe ya kwetu. McLarty na Swai wa Muhimbili, wakiwa na Bottazzo yule yule, walitangaza mwaka 1990 kwamba kwa Watanzania kingamwili hizo hazikuwa alama mahsusi ya wagonjwa wanaohitaji insulini. Mwaka 2025 ukatoka uchunguzi wa vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini walioaminiwa kuwa na kisukari hiki: karibu theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zile. Huenda wengi wao wana ugonjwa wa namna nyingine, ambao alama zake bado zinatafutwa.

Kwa hiyo kijana asiye na kingamwili asiambiwe yu salama, wala asicheleweshewe insulini kwa kungoja jibu la damu iliyoteremshwa Mombo kwenda mbali. Kiu, mkojo mwingi na kukonda vikionekana, sukari ipimwe siku hiyo hiyo. Tone moja la kidole hutoa jibu kabla kengele ya kipindi haijalia.

Ndugu Mwenyekiti, naambiwa mchango wa leo ni wa rangi ya mabweni. Naomba kwanza inunuliwe mashine ya kupimia sukari pamoja na vijiti vyake, akabidhiwe matroni. Fedha yangu ya mwanzo hii hapa mezani.