Staji ya Mitaani: Wanafunzi wa Vyuo na Watu Wasio na Makao Mjini Bukavu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wanafunzi wa Luhwindja wanaosoma katika vyuo vya Bukavu



Waandaaji wameniomba nieleze maana ya mtu asiye na makao, kisha nionyeshe jinsi mwanafunzi anavyoweza kujifunza kwa kujitolea na kushinda na watu hao. Maana nitaipitia haraka, kwani hakuna aliyeingia ukumbini humu asiyeijua. Asiye na makao ni anayelala sokoni, barazani au bandarini. Ni familia ya komini ya Kadutu iliyounguliwa na nyumba, au iliyoporomokewa na mlima wakati wa mvua. Ni pia yule anayelala sebuleni kwa shemeji yake, akisubiri wenye nyumba wamalize maongezi ndipo atandike mkeka. Huyu wa mwisho hahesabiwi popote, maana ukimwuliza anakaa wapi atakujibu kwamba ana kwao.

Sheria tunazo. Kifungu cha 48 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila raia haki ya makao yanayostahili. Kifungu cha 41 kinakataza kumtelekeza mtoto na kumtuhumu uchawi. Kisha ikaja sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Sitaendelea na sheria. Wanasheria wapo na wana mada yao mchana.

Kuhusu vyanzo vya kukosa makao, nitaanzia nyumbani. Luhwindja iko wilayani Mwenga, kilomita zipatazo 45 kutoka hapa ukipima kwa mstari ulionyooka; barabara ni jambo jingine. Mgodi wa huko wa Twangiza, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011, na kabla ya hapo kaya zilizokuwa juu ya dhahabu hiyo zilihamishiwa Cinjira, kilimani penye baridi na upepo. Sikuja kuwashtaki waliopanga uhamisho huo. Nyaraka zake ziko mahali pake. Ninachosema ni kwamba kijana aliyezoea kuchekecha mchanga, akazuiwa kuchekecha, na shamba hana, hushuka Bukavu. Waliofuata mnawajua: walionusurika na mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, mwezi Mei 2023, kisha wote waliohamahama tangu M23 walipouteka mji huu Februari 2025, jambo ambalo nadhani halihitaji maelezo yangu.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Kila mwaka vyuo vyetu huwatuma wanafunzi kufanya staji, yaani mafunzo kwa vitendo, ya mwezi mmoja kwenye vituo vya kulea watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo, na kwenye kata za wahamiaji. Nia ni njema na ninaiheshimu. Lakini alama hutolewa kwa ripoti. Anayefua mablanketi ya kituo mwezi mzima hapati alama hata moja kwa kufua; anazipata kwa kurasa alizoandika. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza mwanafunzi anatafuta kurasa, na kurasa zinatoka kwenye hojaji, na hojaji ina swali lile lile: kwa nini ulitoka nyumbani?

Swali hili mtoto mmoja anaweza kuulizwa na vyuo vitatu ndani ya mwaka mmoja, halafu anaulizwa na mashirika, halafu na mtu mwenye kamera. Niliwahi kumsindikiza mwanafunzi wa kike hadi soko la Nyamugo. Tulimkuta mvulana wa kubeba mizigo amekalia gunia la makaa, anangoja mwenye gunia arudi. Mwanafunzi akachuchumaa, akafungua daftari, akauliza swali lake kwa upole kabisa. Mvulana akamtazama, akatazama daftari, akasema: “Yaya, unatafuta ile ya mama wa kambo ao ile ya vita?” Mwanafunzi akacheka, kisha akaandika zote mbili. Ripoti hiyo ilipata alama za juu.

Wengine husema watoto hawa ni waongo. Mimi nasema wamejifunza soko. Jibu la vita liliwahi kuleta blanketi. Jibu la uchawi liliwahi kuleta karo ya shule. Jibu la njaa tupu halikuleta kitu, kwa hiyo limeachwa, ingawa mara nyingi ndilo la kweli. Na sisi tulioko vyuoni ndio tuliopanga bei hizo, kisha tunazikusanya ripoti na kuziita utafiti. Ripoti zenyewe zinafungiwa kabatini. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza upya kama vile hajawahi kwenda mtu.

Kuna pia jambo la kuondoka. Mwanafunzi mwenye moyo huzoeana na watoto, wanamwita yaya, kama ndugu yao mkubwa, wanamngoja getini. Siku ya mwisho anapiga nao picha, anagawa biskuti, haonekani tena. Mtoto aliyekwisha kuachwa na baba, na mama, na shangazi, tunamwongezea mwanafunzi. Nimelisema hili kwenye mikutano mingi ya vyuo, kwa barua na kwa mdomo, na kila mara ninajibiwa kwamba ratiba ya masomo ndivyo ilivyo. Ninaelewa ugumu wa ratiba. Sielewi kwa nini ugumu huo aubebe mtoto wa miaka tisa.

Tatizo hili la kujitolea si letu peke yetu. Mwaka 1968, huko Cuernavaca, Mexico, padri Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuja kujitolea kwamba nia yao njema haitoshi, na kwamba kama lazima wajitolee, basi wajitolee kwao, mahali ambapo maskini anaweza kuwafukuza kwa lugha wanayoielewa. Dar es Salaam mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Na sisi tulikuwa na salongo, kazi za umma za lazima za enzi ya Mobutu, kwa hiyo mzee wa Kadutu akisikia neno kujitolea huuliza kwanza nani anaandika majina ya wasiofika. Huko Nairobi, shirika la Undugu lililoanzishwa na padri Arnold Grol mwaka 1973 lilipita njia nyingine: mlezi aliwafuata watoto walipo, akarudi, akarudi tena, hadi akazoeleka. Kazi yao ilikuwa kurudi.

Mwanafunzi wa Luhwindja ana faida asiyokuwa nayo kijana wa Illich. Anazungumza Mashi. Anaijua njia aliyoshukia yule mvulana wa gunia. Naye mwenyewe amepanga chumba mlimani, na mwenye nyumba akidai garanti mpya ya miezi sita, juma hilo hilo atakuwa sebuleni kwa shemeji. Kwa hiyo akienda kwa wasio na makao, haendi kuwatazama watu wengine.

Mapendekezo. Vyuo viondoe swali la kwa nini ulitoka nyumbani katika hojaji za staji. Anayelihitaji aende kwa mlezi wa kituo, ambaye amelisikia jibu polepole na anajua lipi la kweli. Alama zigawanywe, nusu iwe ya kazi iliyofanyika na itolewe na mlezi, si na mwalimu aliyebaki ofisini. Ripoti za miaka iliyopita zitolewe kabatini, na mwanafunzi asipewe barua ya staji kabla ya kuzisoma. Picha za watoto zisipigwe. Nasema zisipigwe, hata na simu, hata siku ya kuagana.

Staji igawanywe: badala ya mwezi mmoja mfululizo, iwe kila Jumamosi, mwaka mzima. Nimejibiwa kuhusu ratiba. Narudia hata hivyo. Vituo navyo viwe na haki ya kukataa wanafunzi wakizidi, bila kuogopa kukosa msaada wa chuo. Wakuu wa komini wasiwatumie wanafunzi kuorodhesha watoto kabla ya msako. Hili likitokea hata mara moja, milango ya watoto hao haitafunguka tena. Wazazi wa Luhwindja waunde kamati ya kumpokea mtoto anayerudi, maana kumrudisha bila mtu wa kumpokea ni kumlipia nauli ya kuja mara ya pili. Na swali la kwa nini ulitoka nyumbani liondolewe. Nimelitaja mara mbili kwa makusudi.

La mwisho linawahusu ninyi mliokaa nyuma. Vituo hubaki na walezi wachache likizo ikianza, kwa kuwa wanafunzi wote hupanda magari ya Walungu na Mwenga siku moja. Naomba wale wanaobaki mjini waandike majina yao kwa katibu kabla ya chakula, na waseme Jumamosi zipi wataweza. Asiyeweza Jumamosi zote asiandike zote.