Farasi Walihesabiwa

Msikilizaji, habari ya London huenda umeshaisikia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni kwao Alhamisi, tarehe 22 Aprili 2021, akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na ya tume inayotunza makaburi ya askari wa vita. Askari na wapagazi weusi wa Vita Kuu ya Kwanza hawakuenziwa kama walivyoenziwa wenzao weupe. Ripoti ya tume yenyewe inakiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa.

Radhi tumeipokea. Mtu akiomba radhi hupokelewa, tena ulikuwa mwezi wa mfungo. Linalotukera sisi wa redio hii ya Morogoro ni kwamba wiki ile nzima mazungumzo yalifanyika London, yakajibiwa Nairobi, yakatafsiriwa Dar es Salaam, na Morogoro hakuna aliyeulizwa. Kana kwamba vita hivi vilipiganwa kwingine. Kana kwamba Kisaki yetu iko Ulaya.

Sasa sisi tunauliza, na tutaendelea kuuliza: majina yako wapi?

Chukua karatasi yoyote inayoeleza muundo wa jeshi la Uingereza lililoingia hapa mwaka 1916. Ni karatasi safi, imepangwa vizuri. Juu kabisa ni Jenerali Smuts. Chini yake divisheni tatu: ya Hoskins, ya van Deventer, ya Brits. Kila divisheni ina brigedi zake, na kila brigedi ina jina la mkuu wake: Sheppard, Hannyngton, Beves, Enslin, Nussey. Brigedi ina batalioni zake, batalioni ina kombania zake. Kuna Wahindi wa Baluchi, kuna King's African Rifles, kuna makaburu wa brigedi za farasi. Kuna mizinga, kuna bunduki za rasharasha, kuna magari ya deraya. Farasi wana hesabu yao. Nyumbu wa kukokota wana hesabu yao. Ng'ombe wa mikokoteni, nao wana hesabu.

Aliyebeba unga wa brigedi hiyo kichwani, jina lake liko wapi kwenye karatasi?

Tusimwonee mtu. Jeshi lile lilijua kuhesabu. Batalioni ya Rhodesia, iliyokuwa chini ya Sheppard, ilikuwa na watu elfu moja na ushei, na vitabu vyake vya tiba vimeandika kuugua zaidi ya mara 10,000. Ina maana homa ya askari iliandikwa, na ikirudi mwezi unaofuata inaandikwa tena. Kwa hiyo wasituambie karatasi zilikuwa hazitoshi.

Wazee wa Mlali walisimuliwa na wazee wao namna farasi wa Enslin walivyoingia pale mwezi Agosti wa mwaka ule, wakitokea magharibi ili kumkatia njia kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Hawakumkamata. Tarehe 26 Agosti majeshi ya Smuts yakaingia mjini Morogoro, na Mjerumani alikuwa ameshapanda mlimani na watu wake. Hapo ndipo karatasi ile safi ilipoanza kuchanika. Brigedi za farasi zilipangwa kwa ajili ya nchi tambarare ya Afrika Kusini, lakini huku kwetu kuna mbung'o. Farasi walikufa kwa maelfu katika kampeni ile, na askari wa farasi akabaki anatembea kwa miguu kama wengine. Yale magari ya deraya waliyokuja nayo tangu upande wa Kilimanjaro yalitaka ardhi kavu na barabara pana. Rolls-Royce ya chuma ipande Mgeta? Hata leo hii, wakati wa masika, dereva wa bodaboda anashuka anasukuma.

Mizinga nayo ikashindwa na njia za mlimani. Wanajeshi wa Brits na wa Nussey wakashuka upande wa Kisaki kwa njia mbili tofauti, bila mizinga yao, bila mawasiliano baina yao. Mjerumani akawapiga mmoja mmoja, tarehe 7 Septemba huyu, kesho yake yule. Siku chache baadaye, tarehe 15 Septemba 1916, kule Ufaransa Waingereza walipeleka vifaru vitani kwa mara ya kwanza duniani. Dunia inaikumbuka tarehe hiyo. Wiki ileile, chini ya milima ya Uluguru, jeshi la dola hilohilo lilikuwa halina gurudumu linalozunguka, halina mnyama anayesimama. Lilikuwa na kichwa cha mtu.

Hapo, msikilizaji, nisikilize vizuri, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyoua watu. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25. Naye anakula. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku. Siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, karibu mzigo wote ameumaliza mwenyewe na askari wa mbele amepata kilo moja tu. Kwa hiyo lazima atafutwe mpagazi wa kumbebea mpagazi chakula, na mwingine wa kumbebea huyo wa pili. Kila maili brigedi inapokwenda mbele, vijiji vya nyuma vinapungukiwa vijana. Ndiyo maana kwa upande wa Waingereza pekee, vita vyote vya Afrika Mashariki vilimeza wapagazi wanaokaribia milioni moja. Na kwa hesabu ya Waingereza wenyewe waliokufa wanazidi 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, kwa unga ulioiva nusu, kwa kulala kwenye mvua. Wa upande wa Mjerumani ndio usiulize, maana naye alichukua vijana wa vijiji hivihivi.

Wapagazi wengine wa Mwingereza walitoka mbali, walikuja na jeshi kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland. Wengine walitoka hapahapa. Barabara ya kuzunguka mlima kwa upande wa mashariki, kupitia Matombo kwenda Duthumi, jeshi lilipita likiichonga kwenye ubavu wa mlima. Jenerali akaandika ripoti kusifu kazi ya wahandisi wake. Waliobeba mawe, majina yao yako wapi?

Mtatuambia, mbona mnang'ang'ania majina? Tunang'ang'ania kwa sababu wengine wanayo. Frederick Selous, mwindaji aliyegeuka askari akiwa mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake linajulikana mpaka leo, na pori zima la akiba likaitwa kwa jina lake. Hatumnyimi kaburi lake, alikufa vitani kama wanaume wengine. Lakini Selous hakufika Beho Beho peke yake. Chakula chake kilibebwa. Risasi zake zilibebwa. Wagonjwa wa kikosi chake walibebwa kwa machela. Aliyebeba machela hana pori, hana jiwe, hana hata mstari kwenye daftari.

Na hili halikuwa bahati mbaya. Baada ya vita, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alipoulizwa kuhusu makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko, msimamo wake ulikuwa kwamba yaachwe yamezwe na pori upesi iwezekanavyo. Takwimu za vifo vile hakutaka hata kuzitazama. Mtu asiye na jina kwenye kitabu ndugu zake hawadai kaburi. Wala hawadai mshahara. Iko mishahara ya marehemu ambayo haikumfikia mjane wala mjomba, kwa sababu ileile: hakuna jina.

Basi mwaka 1927 wakatuwekea sanamu Dar es Salaam. Ni Dar es Salaam, kama kawaida. Aliyesimamishwa pale juu ni askari na bunduki yake, na mpagazi ameishia kutajwa kwenye maandishi ya chini, kwa jumla, bila jina. Hapa kwetu, mahali ambapo brigedi nzima zilikwama, ukiwauliza wanafunzi vita hivyo vilipita wapi watakujibu Tanga. Tanga walipigana siku tatu. Huku Mgeta jeshi lilikaa kwenye mto mpaka mwaka ukageuka, Wanigeria wa Jenerali Cunliffe wakaletwa, na vijiji vikaendelea kutoa unga na watoto wa kiume.

Ziko sauti zinazosema mambo ya zaidi ya miaka mia iliyopita yana faida gani, barabara ya Matombo kwanza. Barabara tunaitaka, tumeisema hapa mara nyingi na tutaisema tena. Lakini Februari mwaka 2021 Soko Kuu letu lilipopewa jina la Chifu Kingalu, nani alisema jina halina faida? Mji mzima ulishangilia. Waluguru tunajua thamani ya jina. Kingalu anakufa, Kingalu anarithiwa, jina haliachwi likae chini. Ukoo unalitunza kupitia kwa mama na mjomba, unalitaja kwenye tambiko, unampa mtoto. Kwa hiyo tusiiachie London kazi ambayo daftari lake liko Kinole. Liko Mgeta. Liko Mvuha, kwenye kichwa cha bibi ambaye kaka wa bibi yake alichukuliwa na jeshi akaambiwa atarudi baada ya mavuno.

Tume ile ya makaburi ilisema itatafuta majina. Vizuri. Itayatafuta wapi? Kwenye makabati yaleyale ambayo hayakuyaandika? Tunaiambia serikali ya mkoa, tunawaambia wakurugenzi wa halmashauri za Morogoro na Mvomero, tunawaambia waheshimiwa wabunge wetu walioko bungeni Dodoma: ulizeni swali. Semeni Morogoro ipo. Semeni wachunguzi wakija wasiishie hotelini mjini, wapande mlimani. Maofisa watendaji wa vijiji, mnaandikisha kaya kila siku, andikisheni na hawa. Walimu wa historia, wapeni watoto kazi ya nyumbani yenye maana. Masheikh na mapadri, mnao vitabu vya misikiti na misheni, vifungueni!

Na wewe msikilizaji, wewe unayesema hili ni la wakubwa, amka! Usiku huu baada ya chakula ukae na mzee wa nyumba. Muulize nani wa ukoo wetu alichukuliwa vita ya Mjerumani. Alitoka kijiji gani, alibeba nini, alirudi au hakurudi. Andika. Kama hujui kuandika mwambie mtoto aandike. Wazee hawa wanaondoka, kila masika tunazika, na kila mmoja anaondoka na majina yake. Usingoje barua kutoka London. Usingoje mradi. Andika jina la mtu, jina la mama yake, jina la ukoo wake, ulete hapa redioni, au upeleke ofisi ya kata ukapewe muhuri. Mlango wetu utakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi kila siku ya kazi, na anayeshuka kutoka Kinole na jina moja tu atasikilizwa kabla ya mwenye tangazo la biashara.