Kibofu Kisichotii Amri

Nyurofaibromatosisi aina ya 1 humpata takriban mtu 1 kati ya 3,000. Ni ugonjwa wa kurithi unaootesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi usio wa saratani. Watu huona vinundu vya ngozini. Wasichokiona ni uvimbe wa nyonga au uti wa mgongo, unaobana mishipa inayoongoza kibofu. Hapo mkojo hutoka bila ruhusa, au hugoma kutoka.

Unaogoma ndio wa kuogopwa zaidi: hukaribisha maambukizi, na shinikizo lake huweza kuharibu figo.

Msaada mkubwa hapa ni mpira mwembamba wa kutolea mkojo kibofuni. Mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe, mara kadhaa kwa siku, kwa mikono na mpira safi tu, bila utakasaji wa chumba cha upasuaji. Tangu 2020 ipo pia dawa ya selumetinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa watoto wenye uvimbe usioondoleka kwa upasuaji. Lakini bei yake wengi hawaiwezi.

Basi tuanze na tunayoyaweza: mipira kliniki, maji na sabuni chooni, ruhusa ya kutoka darasani au kazini bila kuhojiwa. Na daktari anayepima vinundu aulize pia haja ndogo ikoje, maana wagonjwa wengi, kwa aibu, hawatalianzisha jambo hilo wao.